Taa ya Matumbawe

Mdogo wetu alipoolewa Same, chini ya Milima ya Upare, tulitaka kumtunza kipande cha bahari: tangi la kioo lenye matumbawe hai.

Taa ndiyo iliyotufikirisha. Tumbawe hulishwa na mwani mdogo mno unaoishi mwilini mwake, nao huhitaji mwanga, hasa wa buluu. Tukachagua LED ya buluu na nyeupe. Same kuna joto, na LED haichemshi maji kama taa za zamani. Huwashwa muda wa saa 8 hadi 10 kwa siku, ikianza hafifu na kuongezwa taratibu. Mwanga ukizidi ghafla, tumbawe huutoa mwani wake, likapauka, likafa njaa.

Na umeme ukikatika? Taa hungoja, pampu haingoji. Viumbe hai ni amana.

Bibi harusi akatupigia simu: "Dada zangu, bahari iacheni Unguja. Nitaifuata mwenyewe." Tukalia, kisha tukacheka.

Tukampelekea tangi la maji matamu, majani na samaki wadogo. LED nyeupe, saa 6 tu. Zikizidi, kioo huota kijani. Akiizima usiku, hutupigia.