Usukani Ulipolia Njiani Butiama

Leo nawaomba mpande nami katika gari la parokia yetu, pikapu kuukuu aina ya Toyota Hilux, twende kutoka Musoma mpaka Bunda kwa njia ya Butiama. Mimi ni karani, si fundi. Lakini niliyojifunza siku ile yafaa yajulikane na kila mwenye gari, na hata na asiye na gari ila hupanda la wenzake.

Tuliondoka Musoma saa mbili asubuhi. Mji huu umekaa kando ya Ziwa Viktoria, na mawe yake makubwa yamesimama majini kama ng'ombe waliokwenda kunywa. Nyuma tulipakia madawati 12 ya chekechea. Mbele tuliketi dereva wetu, mzee mpole, mimi, na mama mmoja aliyempakata mtoto wake, akirudi kwao Bunda.

Tangu tulipozunguka sokoni, usukani ulikuwa ukilia. Kila dereva alipokata kona, ilitoka sauti nyembamba, ndefu, hata watu wakageuka kututazama. Tena ilikuwapo sauti ya pili, ndogo: gurudumu lilipoingia shimoni, ko! ko! upande wa kushoto. Habari za sauti hiyo ndogo dereva alikuwa ameniletea mara tatu mwezi ule, nami mara tatu nilimjibu, "Mzee, fedha hakuna, vumilia." Nakiri mbele yenu: fedha kidogo ilikuwapo. Niliiweka kwa ajili ya kupaka rangi ofisi yangu.

Tulipofika Makutano tuliiacha njia ya Mwanza, tukashika ya Butiama. Nchi hapa ni vilima na mawe yaliyopandana, na katikati yake mashamba ya mihogo na mtama. Hapa ndipo alipozaliwa Mwalimu Julius Nyerere mwaka 1922, na hapa ndipo alipozikwa, tarehe 23 Oktoba 1999, nyumbani kwake Mwitongo. Mwaka 1934, akiwa mtoto wa miaka 12 hivi, alitoka kijijini hapa kwenda kuanza shule Mwisenge, Musoma. Nilikuwa nikimsimulia mama yule habari hizo, gari likaingia shimo moja, ko! ikasikika kwa nguvu, na dereva akasimama. "Karani," akasema, "mimi sisogei tena mpaka fundi alitazame."

Fundi tulimpata chini ya mwembe. Nilidhani atashika spana mara moja. Kumbe alianza kwa maswali, kama mganga mzuri. Linalia lini? Likisimama au likienda? Kwenye kona au kwenye shimo? Kisha akatufundisha hivi.

Sauti nyembamba inayopanda pamoja na mwendo wa injini mara nyingi hutoka katika pampu ya usukani: mafuta yake yamepungua, au hewa imeingia ndani. Fungua boneti utazame kikopo chake. Mafuta yakiwa chini ya alama, au yana mapovu, tafuta yanapovujia kabla ya kuongeza. Ikiwa ni mlio mkali wa ghafula unapozungusha usukani mpaka mwisho, tazama mkanda. Huenda umelegea au umechakaa. Lakini ikiwa ni kugonga, usiihangaikie pampu. Tazama viungo vya magurudumu na bushi.

Akazima injini, akamwambia dereva autikise usukani kidogo kidogo, naye akalala chini, mkono wake juu ya viungo, kimoja kimoja. Kisha akaweka jeki na mawe ya kuzuia, akalishika gurudumu la kushoto ubavuni, mkono huku na mkono huku, akalitikisa. Likacheza. Akaniita niweke kidole. Mpira unaofunika ncha ya tairodi ulikuwa umepasuka; vumbi la barabara limeingia, grisi imetoka, na chuma kimekula chuma.

"Hiki kikichomoka," akasema, "gurudumu hili litakwenda linakotaka, na usukani dereva atauzungusha bure."

Nilimtazama mama yule kivulini, akimnyonyesha mtoto wake. Sikuwa na neno la kusema.

Wahenga walisema, mwenye kelele hana neno. Sauti kubwa iliyotuaibisha sokoni ilikuwa ya mafuta yaliyopungua, kwa sababu kibano cha bomba kimelegea. Fundi alikikaza, akatia mafuta yanayostahili, akainua magurudumu ya mbele, na dereva akazungusha usukani polepole huku na huku mpaka mapovu yakaisha. Ile sauti ndogo ndiyo iliyokuwa na hatari.

Ncha mpya ililetwa kwa pikipiki kutoka Musoma, tukangoja mpaka alasiri. Fundi alihesabu mizunguko alipofungua ile ya zamani, ili mpya ikae karibu na mahali pale pale. Akafunga nati, akapitisha kotapini, akatuagiza tukapimishe mwelekeo wa magurudumu Bunda, maana kiungo kikibadilishwa bila kupima, tairi huliwa upande mmoja. Gharama yote ilikuwa ndogo kuliko ya rangi.

Tulipita Kiabakari jua likishuka, usukani ukiwa kimya. Bunda tuliiona chini ya vilima vyake, taa zikianza kuwaka. Mama akashuka, akashukuru kwa kupakiwa. Hakujua kwamba mimi ndiye niliyepaswa kumwomba radhi. Nikamwambia, naye akacheka kidogo, akanyamaza, akamfunika mtoto vizuri.

Basi ndugu wasomaji, mkipanda gari lolote na kusikia likigonga, msione haya kumwambia dereva. Na ninyi mnaoshika mfuko wa fedha, dereva akija mara ya kwanza, msikilizeni. Msingoje ya tatu. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na kuna ufa usiokupa nafasi ya kujenga.

Ofisi yangu bado haijapakwa rangi. Karibuni, mtaiona.