Wiki saba Chennai: mimi, mume wangu na mama

Kuna miji mtu anaiendea kwa ajili ya fungate, na kuna miji inayokukuta tu. Chennai ilitukuta. Mimi na mume wangu tulikuwa na mwaka na nusu wa ndoa, kiwanja Kigamboni na tofali elfu mbili zilizokwisha kulipiwa. Ndoto yetu ya safari ilikuwa Zanzibar, siku nne, kitanda chenye chandarua cheupe. Badala yake, Februari 2024 tulishuka India ya kusini saa kumi alfajiri, watu watatu na mabegi manne: mimi, yeye, na mama yangu mzazi aliyevaa sweta kwenye joto la kutoa jasho.

Mama ni mwalimu mstaafu wa hesabu kutoka Korogwe. Agosti 2023 macho yake yaligeuka njano na ngozi ikaanza kumwasha usiku kucha. Kipimo cha CT pale Dar kikaonyesha uvimbe kwenye kichwa cha kongosho, ile ogani iliyojificha nyuma ya tumbo ambayo wengi wetu hatujui ipo mpaka iharibike. Uvimbe ulikuwa umebana mrija wa nyongo, ndiyo maana ya ile njano. Wakamwekea kijimrija cha kuufungua. Lakini uvimbe ulikuwa pia umeegemea mshipa mkubwa wa damu, hivyo madaktari wakasema kisu kisubiri, kemo itangulie. Raundi nane, moja kila wiki mbili, mchanganyiko wa dawa nne. Mama aliingia na kilo 68, akatoka na 51.

Baada ya hapo, ukoo ukachanga, sisi tukauza zile tofali, na safari ikaiva.

Mtaa wa wagonjwa

Ukitaka kuielewa Greams Road, fikiria Kariakoo, halafu kila duka uligeuze kuwa famasi, gesti, au mtu wa kubadilisha fedha. Bajaji za njano zinapita kama nyuki. Kwenye vibaraza utakuta watu wa kila kabila la dunia wameshika bahasha kubwa za picha za eksirei: Wabangladeshi, Waomani, Wakenya, na sisi. Gesti nyingi zina jiko la pamoja, kwa kuwa wenyeji wanajua mgonjwa akishindwa kula chakula cha kwao, safari imekufa.

Tulipanga chumba kimoja chenye vitanda vitatu, na hapo ndipo kasheshe ya kwanza ilipoanza. Wale mliokulia kwa wazee mnajua: mkwe na mama mkwe hawalali chumba kimoja. Kwetu, mama hali hata chakula mbele ya mkwe wake. Tukafunga kanga katikati kama pazia. Kila mama akitaka kula, mume wangu anasema, "Ngoja nikanunue madafu," na kutoka. Madafu yanauzwa kila kona, wenyeji wanayaita ilaneer, na kwa wiki ya kwanza nadhani alinunua madafu ya kutosha kuoshea bajaji. Mama aliyapenda. Alisema ni ladha ya Pangani.

Chakula chenyewe kilitushangaza kwa udugu wake na cha pwani. Idli ni kama kitumbua kilichopikwa kwa mvuke, bila sukari. Dosa ni binamu wa chapati ya maji. Vyote vinakuja na chatne ya nazi na mchuzi wa dengu wenye ukwaju, na ukienda mgahawa wa kienyeji unaandaliwa kwenye jani la mgomba. Mama aliweza idli mbili kwa siku. Nilizihesabu kama mtu anavyohesabu pesa ya mkopo.

Madaktari wawili, njia mbili

Vipimo vipya vilichukua siku tano. Habari ilikuwa njema: uvimbe umenywea kidogo, haujasambaa, na sasa unagusa vena tu, ateri iko huru. Tofauti hiyo tulikuja kuijua vizuri. Vena, fundi akiwa fundi kweli, inaweza kukatwa kipande na kuungwa. Ateri ni kesi nyingine kabisa.

Ndipo njia zikagawanyika. Daktari wa mionzi, mama mmoja mpole mwenye miwani, alisema: tumpige mionzi kwanza. Vikao 28, Jumatatu hadi Ijumaa, pamoja na vidonge vya kemo. Wiki tano na nusu. Halafu apumzike wiki sita hivi, ndipo apasuliwe. Lengo ni kuua chembe zilizobaki pembeni ya mshipa, ili bingwa wa upasuaji akikata, akate penye usafi.

Bingwa wa upasuaji naye akasema: mimi naweza kumfungua ndani ya siku kumi. Operesheni inaitwa ya Whipple, kwa jina la daktari Mmarekani Allen Whipple aliyeitangaza mwaka 1935. Wanatoa kichwa cha kongosho, mwanzo wa utumbo mdogo, mfuko wa nyongo na sehemu ya mrija wake, halafu wanaunga upya mabomba yote. Ni kazi ya saa nyingi. "Kemo imefanya kazi yake," alisema. "Nikichelewa miezi mitatu, sina uhakika nitamkuta na nguvu hizi."

Kikao cha pamoja cha madaktari kilikaa. Jibu lao likatumaliza nguvu: njia zote mbili zinakubalika, mgonjwa achague. Jamani! Mtu umevuka bahari ili uambiwe cha kufanya, unaambiwa uchague.

Tukaomba takwimu, maana mama ni mama wa takwimu. Wakatupa mbili. Ya kwanza ni ya Uholanzi, wagonjwa 246, matokeo ya muda mrefu yakatoka mwaka 2022. Waliopata mionzi na kemo kabla ya upasuaji, karibu 20 katika kila 100 walikuwa hai baada ya miaka mitano. Waliopasuliwa kwanza, kati ya 6 na 7 tu. Moyo wangu ukasema, basi, mionzi! Lakini ya pili ni ya Marekani, nayo ya 2022, wagonjwa 126 wenye uvimbe ulioegemea mishipa kama mama. Hapo wote walipata kemo kali kwanza, nusu wakaongezewa mionzi ya siku chache. Baada ya miezi 18, wa kemo peke yake 67 katika 100 walikuwa hai. Walioongezewa mionzi, 47.

Unaona mtego? Ile ya kwanza inalinganisha mionzi na kemo dhidi ya kutotanguliza chochote. Mama alikuwa tayari ametanguliza kemo kali. Na ile ya pili ilitumia mionzi ya aina nyingine, si ya vikao 28. Hakuna iliyokuwa picha kamili ya mama yangu.

Ugomvi wa Marina

Jioni hiyo tukamwacha mama amelala, tukachukua bajaji hadi Marina. Ni ufukwe mpana ajabu, mchanga mpaka unachoka kutembea kabla hujafika majini. Kuoga hairuhusiwi, mkondo ni mkali, kwa hiyo watu wanakuja kupunga upepo: familia, wapenzi wanaojificha nyuma ya mitumbwi, wauza kaiti, wauza mahindi ya kuchoma yaliyopakwa pilipili na ndimu. Kama Koko, bwana, tofauti ni lugha tu.

Mimi nilitaka mionzi. Kusema ukweli nilitaka kila kitu: mionzi, kisu, kemo, maombi, mizizi kama ipo. Mume wangu alikuwa kimya, akimenya hindi lake punje kwa punje. Mwisho akasema, "Mimi naona apasuliwe."

Nikamwambia neno ambalo mpaka leo nalijutia. "Unahesabu tofali. Miezi mitatu ya gesti inakuuma."

Hakufoka. Aliweka hindi chini, akasema, "Jana ulipokwenda famasi mama alitapika. Mimi ndiye niliyeshika ndoo. Nilimbeba kumrudisha kitandani. Wewe unajua ana uzito gani sasa? Mimi najua."

Sikuwa nimeambiwa. Wote wawili walinificha, yeye kwa kunihurumia, mama kwa aibu ya mkwe. Tulikaa pale mpaka taa za wauza mahindi zikawaka. Wenye ndoa changa nisikilizeni: ugonjwa wa mzazi unapoingia ndani, kila mmoja anabeba ndoo yake gizani, na mnaanza kushtakiana kwa mambo ambayo mwenzako hata hajayafikiria. Mulizeni mwenzako amebeba nini.

Swali la mwalimu

Kesho yake mama aliamka mapema, akaoga, akajifunga kanga mpya. Akavuta pazia letu pembeni. Akamwita mume wangu, aliyekuwa tayari mlangoni kwenda kwenye madafu yake.

"Mwanangu, njoo ukae. Hesabu hii ni ya watatu."

Hakuwahi kumwita mwanangu. Siku zote ni "baba" au "mkwe". Mume wangu akakaa ukingoni mwa kitanda kama mwanafunzi aliyechelewa. Wakanywa chai pamoja, mbele yangu. Mimi nikajifanya natafuta sukari.

Mama akasema madarasani alikuwa hawaulizi watoto jibu ni ngapi. Alikuwa anauliza: kama umekosea, umekosea wapi? Tulipofika hospitali akawauliza madaktari wote wawili swali hilohilo, nami nikatafsiri. "Mkinipeleka njia yenu na ikawa siyo, nitaumia wapi?"

Daktari wa mionzi alifikiri, akajibu kwa uaminifu: utakuwa umepoteza wiki kumi na mbili, mwili umechoka zaidi, na kama kuna mbegu imejificha ini au pafu, itakuwa imepata muda wa kukua. Bingwa wa upasuaji naye hakukwepa: naweza kuacha chembe pembeni ya mshipa, na ugonjwa ukarudi palepale.

Mama akauliza tena. "Pale pembeni, mnaweza kupiga mionzi baadaye?" Wakamwambia, inawezekana kufikiriwa. "Na kilo zangu, mnaweza kunirudishia baadaye?" Hakuna aliyejibu haraka.

"Basi nipasueni," akasema.

Nataka mnielewe. Hakusema mionzi ni mibaya. Pale gesti, kwenye lifti, mzee mmoja wa Muscat mwenye asili ya Unguja alitusikia tukiongea, akauliza kwa furaha, "Nyinyi watu wa wapi?" Mkewe alikuwa na ugonjwa huuhuu, ila kwake uvimbe ulikuwa umeikumbatia ateri. Wao walichagua vikao 28, na daktari wetu yuleyule wa upasuaji aliwaunga mkono. Kila asubuhi tuliwaona wakitoka, mama huyo na buibui lake jeusi na kikapu cha tende. Ugonjwa mmoja, mwili mwingine, jibu jingine.

Jumapili kabla ya upasuaji mama aliomba twende San Thome, kanisa jeupe karibu na bahari linalosemekana kusimama juu ya kaburi la mtume Tomaso. Jengo la sasa lilikamilika mwaka 1896. Mama alikaa kwenye benchi muda mrefu. Alipotoka akasema, "Tomaso naye alitaka kuona kwanza ndipo aamini. Nimempenda." Akacheka, mara ya kwanza tangu Dar.

Operesheni ilichukua saa nane. Wakakata kipande cha vena, wakaunga. Siku ya tisa majibu ya maabara yakaja: kingo safi. Mume wangu alitoka nje kununua madafu na hakurudi kwa saa nzima. Nilimkuta amekaa kwenye ngazi za famasi, analia, madafu matatu mapajani.

Leo mama yuko Korogwe. Alimalizia kemo Dar, anameza vidonge vya kusaidia kusaga chakula kila mlo, anapima sukari, na kila miezi mitatu tunashika roho kwenda kipimo. Kwamba yuko hai hakuthibitishi tulichagua sawa. Kunathibitisha tu kwamba tulichagua tukiwa macho, tena watatu. Kiwanja cha Kigamboni bado ni majani. Na mkwe anapokwenda Korogwe siku hizi, wanakula sahani moja.

Kama safari hii itakuwa yako

• Viza ya matibabu ya India inaruhusu hadi wasindikizaji wawili, nao wanahitaji viza yao maalumu. Usiende na ya utalii.
• Beba picha zote za vipimo kwenye diski, pamoja na majibu ya maabara. Karatasi ya maelezo peke yake haitoshi.
• Uliza mambo matatu: uvimbe unagusa vena au ateri? Kesi imejadiliwa na kikao cha pamoja? Kama mionzi inapendekezwa, itaongeza nini juu ya kemo aliyopata mgonjwa?
• Panga gesti yenye jiko. Beba unga wako wa ugali.
• Chennai iko mbele ya Dar kwa saa mbili na nusu. Ndugu wakipiga saa nne usiku kutoa pole, kwenu ni saa sita na nusu. Wape ratiba mapema.
• Nendeni Marina jioni, wawili tu, angalau mara moja. Mkigombana, gombaneni pale. Upepo ni mzuri.