Vumbi la Kabwe na Kazi ya Samadi

Reli ya TAZARA inatoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, nchini Zambia. Kutoka hapo, ukishika barabara ya kwenda Lusaka, utafika mji wa Kabwe.

Mimi ni bwana shamba. Kila ninakokwenda hutazama udongo kwanza. Udongo wa Kabwe ulinisimamisha. Kuna mahali pako wazi kabisa, hapaoti hata jani.

Mji huu ulikua kwa sababu ya mgodi. Kwa miaka 90 hivi, hadi mwaka 1994, watu walichimba risasi na zinki hapa. Risasi ni madini mazito ya kijivu. Imo pia ndani ya betri za magari.

Mgodi ulifungwa, lakini taka zake zilibaki. Lipo lundo kubwa jeusi ambalo watu wanaliita Mlima Mweusi. Upepo hupeperusha vumbi hadi mitaa ya Kasanda na Makululu. Watoto hucheza katika vumbi hilo, kisha hutia mikono kinywani. Mwaka 2019 shirika la Human Rights Watch lilieleza makisio ya watafiti wa tiba. Katika kila watoto 100 wa mitaa inayouzunguka mgodi, zaidi ya 95 wana risasi nyingi katika damu. Risasi hudhuru ubongo. Mtoto hushindwa kujifunza vizuri.

SAMADI INAFANYA NINI?

Wataalamu wamejaribu samadi ya kuku na ya ng'ombe katika udongo wa Kabwe. Samadi iliyooza vizuri ina kazi mbili.

Kwanza, huishika risasi. Risasi haiyeyuki upesi katika maji ya udongo, na mizizi huinyonya kidogo.

Pili, huulisha udongo, nyasi zikaota. Nyasi hufunika ardhi kama blanketi. Vumbi halipeperuki ovyo.

Lakini tusidanganyane. Samadi haiondoi risasi. Risasi haiozi wala haiungui. Imefungwa tu, kama mbwa mkali aliyefungwa kamba. Mbwa bado yupo. Samadi ikipungua nguvu, kamba hulegea. Lazima kuongeza nyingine. Nyasi hizo mifugo isilishwe. Na pale penye sumu nyingi mno, samadi peke yake haitoshi. Udongo huo hutolewa, au hufunikwa kwa udongo safi.

NA SISI JE?

Hata kijiji kisicho na mgodi kinaweza kupata sumu hii. Wapo watu wanaovunja betri kuukuu za magari uani na kuyeyusha risasi yake. Sumu hubaki pale pale watoto wanapocheza.

Kwa hiyo tufanye hivi:

1. Tusivunje wala kuyeyusha betri nyumbani.
2. Betri zisitupwe jalalani. Taka za jalala lenye betri si mbolea.
3. Mahali palipovunjwa betri tusipande mchicha wala mboga nyingine. Tumwite bwana afya na bwana shamba.
4. Tunyunyize maji kabla ya kufagia.
5. Watoto wanawe mikono kwa sabuni kabla ya kula.

Samadi tunayo mazizini, na ni dawa nzuri ya udongo. Lakini kuacha kuvunja betri moja ni rahisi kuliko kuutibu uwanja mzima.