Kijani kipi hasa?

Wiki ya tatu sasa kifaru changu cha plastiki, Sherman ya kipimo cha 1/35, kinakaa mezani bila rangi. Kisa? Kijani. Jeshi la Marekani kwenye Vita Kuu ya Pili lilipaka Olive Drab, na wadau mtacheka: rangi hiyo kimsingi ni nyeusi iliyochanganywa na manjano ya udongo. Kijani huzaliwa humo humo.

Nikasema basi, nifuate picha. Jamani! Picha za rangi za miaka ya 1940, kila moja ina kijani chake. Vifaru vya makumbusho navyo vimepakwa upya. Halafu hata ukipata rangi ileile kabisa, kwenye kitu kidogo inaonekana nzito mno, ndiyo maana mafundi wengi huongeza nyeupe kidogo.

Rafiki yangu anasema huko ni kudanganya. Inaniuma, maana mimi mwandishi wa habari nalipwa nieleze kitu kilivyo. Lakini kifaru kilichopigwa jua na vumbi la Normandy kiangazi cha 1944 hakikubaki na rangi ya kwenye kopo. Matone mawili ya nyeupe, moja la manjano. Kesho napaka, anune akitaka.