Kitambaa cha Unahodha

Nilipokuwa sekondari hapa Arusha, nilicheza beki kwenye uwanja unaotazamana na Mlima Meru. Mwalimu wa michezo aliponivua unahodha, nilisusa; sikugusa mpira tena.

Miaka mingi baadaye nilimfuatilia Nadir Haroub "Cannavaro", beki wa Zanzibar aliyeichezea Yanga kwa zaidi ya miaka kumi. Mwaka 2016 unahodha wa Taifa Stars alipewa Mbwana Samatta. Haroub aliumia, akastaafu timu ya taifa. Lakini Yanga hakuiacha. Aliendelea kuwazuia washambuliaji hadi mwaka 2018, alipoagwa kwa heshima.

Mimi nilisusa vyote. Wewe ukianguka jaribio moja, umia, lakini daftari usilifunge.