Ngata ya Ufuta

Nilikuwa mwalimu mkuu kwa miaka mingi, na kwa miaka yote hiyo nilihubiri Elimu ya Kujitegemea. Mwalimu Nyerere alipotoa andiko lake mwaka 1967 nilikuwa kijana. Nilipoingia chuo cha ualimu tulilisoma hadi tukalijua kwa moyo. Wanafunzi wangu walilima bustani na kufuga kuku. Lakini nyumbani kwangu Muleba, msomaji, sikuwahi kujichemshia hata yai. Kwa Wahaya wa rika langu, mwanamume akionekana jikoni anamenya ndizi, kijiji kizima kitamcheka.

Mke wangu alipofariki, miaka miwili iliyopita, ndipo nilipotambua kwamba nilistaafu bila kuhitimu. Asubuhi chai, jioni chakula cha kuletewa na jirani. Nikakonda. Wanangu wakapigiana simu, kisha wakaniarifu kwamba watakutana kwangu wakati wa Krismasi kuzungumzia "suala la Baba". Nilielewa: walitaka kunihamishia Dar es Salaam, mbali na kibanja changu na kaburi la mama yao lililomo humo.

Mjukuu wangu, aliyesoma Uturuki, alitangulia kufika.

"Shikamoo, Babu. Umekula nini leo?"

"Marahaba. Nimekunywa chai."

"Na nini?"

"Na chai ya pili."

Hakucheka. Alinionyesha katika simu yake picha ya mkate unaouzwa mitaani Istanbul, wa mviringo wenye tundu katikati, umejaa ufuta. Waturuki huuita simit. Nami niliwahi kula mkate wa ufuta wa Unguja, ule unaokandwa kwa tui la nazi, lakini huu ulinishtua kwa umbo lake. Ulikuwa ngata hasa! Ngata ya majani makavu ya mgomba, ile aliyoiweka mke wangu kichwani kila alipokwenda kuteka maji.

"Nifundishe," nikamwambia.

Ufuta hustawi Lindi na Mtwara. Kwetu ni bidhaa ya dukani. Nilipanda basi dogo hadi Bukoba, nikanunua ufuta na hamira, nikarudi kama mtoto mwenye madaftari mapya.

Siku ya kwanza nilijidai najua. Nilimimina maji ya moto juu ya hamira, unga ukagoma kuumuka, mkate ukatoka mgumu kama kigae. Mimi, niliyewafundisha watoto kwamba hamira ni kiumbe hai na joto kali huiua! Ama kweli, kujua ubaoni si kujua jikoni.

Siku ya pili nilimsikiliza mwalimu wangu. Unga wa ngano nusu kilo, hamira kijiko kimoja cha chai, chumvi kidogo, sukari kidogo, mafuta vijiko viwili, na maji ya uvuguvugu. Nilikanda mpaka unga ukawa laini, nikaufunika kwa saa moja. Kisha nikasokota kamba mbili pamoja, nikaunganisha ncha ziwe duara. Waturuki huchovya duara hilo katika maji yenye asali nzito ya zabibu. Sisi tulitumia asali ya nyuki, tukaligaragaza katika ufuta. Hatuna tanuri. Tuliweka sufuria juu ya makaa machache na makaa mengine juu ya mfuniko, mpaka harufu ikafika barazani.

Jibini tulitengeneza wenyewe. Maziwa lita mbili yalipochemka tuliyaepua, tukakamulia limau, yakakatika. Tukayachuja kwa kitambaa safi na kuyakandamiza kwa jiwe usiku kucha. Asubuhi tukaupasua mkate ubavuni, tukapanga vipande vya jibini, nyanya, tango na pilipili hoho kutoka bustanini.

Wanangu walipofika niliwaandalia hivyo hivyo, kabla ya kikao. Binti yangu mkubwa alikula kimya, kisha akauliza, "Baba, nani amekupikia?" Mjukuu akaninyooshea kidole. Nikaona macho ya binti yangu yanalengalenga. Hakuzungumza habari ya Dar es Salaam siku ile. Aliuliza tu kama ufuta umebaki.

Nimebaki Muleba. Sasa napika pia ndizi na maharage, na nazimenya mwenyewe hadharani. Anayetaka kucheka, na acheke.

Lakini sitakuficha, msomaji. Usiku ule, wageni walipolala, niliketi na kipande kilichosalia, nikaiangalia ngata ile. Mke wangu alibeba maji kichwani kwa miaka ipatayo arobaini, nami niliyanywa na kuyaoga. Nilimshukuru mara chache, tena kwa haraka. Kufunga unga kwa maji ya uvuguvugu ni jambo la kujifunza kwa siku mbili tu. Yeye aliondoka bila kuonja hata tonge moja la mkono wangu.

Kwa hiyo nawausia wazee wenzangu ambao wake zao wangali hai: ingieni jikoni sasa. Msingoje, kama mimi, kufundishwa na mjukuu kazi ambayo mngeweza kuifanya pamoja na bibi yake.