Kanuni Zilizosomwa Mabwenini

Nilifanya kazi katika ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi, chuo kikuu kimoja cha umma, hadi nilipostaafu. Katika yote niliyoyafanya huko, ninalojivunia zaidi ni kupitia upya kanuni za maadili na nidhamu.

Kanuni za zamani zilikuwa kwa Kiingereza na ziliwabana wanafunzi peke yao. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza alisaini fomu ya kukubali kuzifuata siku ya usajili, begi bado liko begani na foleni inamsukuma kwa nyuma, kanuni zenyewe hajazitia machoni. Wengi walikuja kuzisoma siku walipoitwa mbele ya kamati ya nidhamu. Wahudumu wa usafi na walinzi, wanaokesha na vijana hao, hawakuwahi kupewa nakala.

Mpango ulikuwa wanasheria waandike rasimu, Seneti iijadili, Baraza la Chuo liipitishe. Niliomba ianzie chini, kwa sababu historia ya vyuo vyetu imeandikwa kwa machungu ya watu ambao hawakusikilizwa. Mwaka 1971, Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, rais wa wanafunzi Symonds Akivaga alifukuzwa chuo, ukazuka mgogoro mkubwa ambao hoja yake kuu ilikuwa nafasi ya wanafunzi na wafanyakazi katika uamuzi. Mwaka 1990, hapo hapo Mlimani, msichana mmoja alijiua baada ya kudhalilishwa na wanafunzi wenzake waliojificha nyuma ya mabango ya ukutani yaliyoitwa Punch. Jambo hilo la pili sijawahi kulizoea.

Tukakubaliwa. Tuliweka visanduku vya maoni maktaba na zahanati, tukafanya vikao kantini, getini kwa walinzi, na mabwenini usiku. Karatasi nyingi zilihusu mavazi. Mjadala huo ulikula muda mwingi kuliko ulivyostahili, na sitaurudia hapa.

Kikao kilichobadilisha rasimu kilikuwa cha wahudumu wa mabweni ya wasichana. Mama mmoja mtu mzima alikaa karibu na mlango, ndoo na fagio pembeni yake. Nilimwamkia shikamoo, nikamsomea kifungu cha malalamiko: mlalamikaji atawasilisha maelezo kwa maandishi katika ofisi ya Mshauri, saa za kazi.

“Mwanangu,” akasema, “ofisi yako inafungwa saa tisa na nusu. Hawa watoto wanakuja kulia kwangu saa nne ya usiku, nikiwa napiga deki. Na anayelia hawezi kuandika. Mimi nafanyaje?”

Hakuna mwanasheria wetu aliyekuwa ameliuliza swali hilo. Kifungu kikaandikwa upya: lalamiko lipokewe kwa mdomo, saa yoyote, na mlezi wa bweni, muuguzi wa zahanati au mlinzi wa zamu, naye alifikishe asubuhi inayofuata. Mhudumu anayeletewa kilio awe na haki ya kumsindikiza mlalamikaji, asionekane mbea.

Kifungu cha rushwa ya ngono kilileta ubishi mkali zaidi. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 kimeifanya kuwa kosa la jinai, lakini kanuni zetu zilikuwa kimya. Wasichana walitaka mambo mawili: shauri lisiamuliwe ndani ya idara ya mtuhumiwa, na mtihani wa mlalamikaji usahihishwe na mwalimu mwingine. Baadhi ya wahadhiri walipinga, wakihofia kusingiziwa na waliopata sapu, yaani mtihani wa marudio. Hofu yao ilikuwa ya kweli, na nilisimama kuitetea mbele ya wanafunzi. Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba inampa kila mtu haki ya kusikilizwa kikamilifu na haki ya kukata rufani. Tuliiingiza kwa mtuhumiwa yeyote, awe mhadhiri au mwanafunzi, na hapo hapo ikaondoka ile ruhusa ya zamani ya kumsimamisha mwanafunzi masomo kabla hajafungua kinywa. Walioanza kwa kupinga ndio waliotupa sehemu bora ya waraka.

Baraza liliipitisha rasimu, kwa Kiswahili na Kiingereza, ikiwahusu wote wanaosoma na kufanya kazi chuoni. Fomu ya kusaini ikahamishiwa mwisho wa wiki ya utambulisho, baada ya kanuni kusomwa kwa sauti bwenini. Lalamiko la kwanza chini ya utaratibu mpya lililetwa na mlinzi wa zamu, alfajiri.

Ninyi mnaoandaa rasimu vyuoni sasa, nawaomba: kabla haijafika Seneti, iwekeni mbele ya wahudumu wa mabweni na walinzi, wapeni siku za kuisoma, na muwalipe posho ya kikao sawa na wajumbe wengine.